Kadi ya ‘kasi ya michezo’: Pima kwanza, ununue baadaye

IKIWA una kijana nyumbani anayecheza kandanda au vita vya kubuni kwenye tarakilishi, akishindana na wenzake walio nchi za mbali, bila shaka umeyasikia malalamiko yake. Mchezaji wake husimama ghafla kama sanamu, na anapozinduka bao limekwisha kuingia langoni. “Mtandao umekwama!” hupiga kelele. Siku chache baadaye hukujia na ombi: anunuliwe kadi maalumu ya mtandao, ile inayosifiwa kwamba imeundwa kwa ajili ya wachezaji.

Mzazi mpendwa, nawe mwanafunzi unayeweka akiba kutoka kwa pesa za nauli, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kutoa hata senti, jua kadi hiyo inaweza kufanya nini, na ni lipi lililo nje ya uwezo wake.

Kadi ya mtandao ni kifaa kidogo ndani ya tarakilishi, kinachotuma na kupokea habari kwa waya au hewani. Karibu kila tarakilishi ya siku hizi huuzwa ikiwa nacho tayari. Kadi ya wachezaji iliyovuma zaidi ni Killer NIC, iliyotolewa mwaka 2006 na kampuni ya Marekani, Bigfoot Networks. Bei yake ilikaribia dola 280. Ilikuwa na prosesa yake yenyewe, ambayo ilidaiwa kuipunguzia prosesa kuu kazi ya kushughulikia mtandao ili mchezo uende kwa wepesi.

Wakaguzi wa vifaa vya tarakilishi walipoipima, wengi wao waliona tofauti ndogo mno katika michezo mingi, na mingine haikubadilika hata kidogo. Hata hivyo, jina hilo halikufa. Qualcomm Atheros iliinunua Bigfoot mwaka 2011, na mwaka 2020 Intel ikainunua Rivet Networks, kampuni iliyokuwa imelirithi jina la Killer.

Kwa nini basi kadi ya bei ghali hivyo isilete mabadiliko makubwa?

Mfano wa maua

Chukua mfano ulio karibu nasi. Mfanyakazi wa shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha anaweza kufunga maboksi ya waridi kwa kasi ya kushangaza. Lakini lori likikwama kwenye msongamano wa barabara ya kwenda Nairobi, au ndege ikichelewa kuondoka, kasi ya mfungaji haitayafikisha maua hayo Uholanzi mapema. Kadi ya mtandao ni yule mfungaji. Kazi yake huishia langoni mwa shamba.

Wakazi wa Naivasha wana ushahidi wa jambo hili karibu na nyumbani. Kwa miaka mingi, mawasiliano ya Kenya na nchi za ng’ambo yalitegemea kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970. Setilaiti za aina hiyo huelea umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ujumbe hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka: jumla kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Katika mchezo wa vita, nusu sekunde inatosha kukuangamiza kabla hujamwona adui!

Kilichobadilisha mambo ni nyaya za chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Safari ikafupika sana.

Lakini ilifupika tu, haikwisha. Ndani ya nyaya hizo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, basi, ni milisekunde 68 kwa uchache, yaani sehemu 68 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Kwa kuwa nyaya huzunguka bara na bahari, muda halisi huwa mrefu zaidi. Johannesburg ni umbali wa kilomita 2,900 hivi, kwa hivyo seva iliyo huko humpa mchezaji wa Kenya nafuu kubwa. Nayo kadi ya kawaida humaliza kazi yake kwa muda usiofika hata milisekunde moja. Hata ukipata kadi isiyochelewa kabisa, umeokoa nini?

Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku hiyo mwenye kadi ghali na asiye nayo walikwama pamoja.

Inafaa lini?

Si haki kusema kwamba kadi hizi ni ulaghai mtupu. Baadhi huja na programu inayoutanguliza mchezo mbele ya kazi nyingine za tarakilishi hiyo, kama vile kupakua filamu. Hilo lina maana ikiwa unapakua na kucheza kwa wakati mmoja kwenye mashine moja. Lakini unaweza kusimamisha upakuaji bila kulipa chochote. Na kama ni dada yako anayetazama video kwa simu yake chumba cha pili, kadi iliyo ndani ya tarakilishi yako haina mamlaka juu ya simu hiyo. Mwenye mamlaka ni ruta. Nyingi zina sehemu ya kuchagua kifaa cha kupewa kipaumbele.

Pima mwenyewe

Usiniamini mimi wala mwuzaji. Fungua dirisha la amri kwenye tarakilishi, andika neno ping, uache nafasi, kisha uandike anwani ya ruta yenu. Mara nyingi anwani hiyo huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Utaona idadi ya milisekunde. Kisha tazama idadi ambayo mchezo wenyewe unaonyesha kati yako na seva yake.

Tuseme ruta yajibu kwa milisekunde 1 na seva kwa 180. Hizo 179 ziko nje ya nyumba yenu, na hakuna kadi itakayozigusa. Chagua seva iliyo karibu zaidi, au mzungumze na kampuni inayowauzia intaneti.

Lakini ruta ikijibu kwa 3, mara 90, mara 15, tatizo limo humo nyumbani, na mara nyingi ni mawimbi ya hewani yanayopita kuta za mawe. Nunua waya wa mtandao wa shilingi mia chache, uunganishe tarakilishi na ruta moja kwa moja, kisha upime tena.

Kwa hivyo, kijana akija tena na ombi lake, usimfokee. Keti naye, mpime pamoja, mwandike tarakimu hizo kwenye karatasi asubuhi na usiku kwa wiki moja. Kama tarakimu zitaonyesha kwamba kadi ya zamani imeharibika, mnunulieni nyingine ya kawaida. Zisipoonyesha hivyo, pesa hizo zina kazi nyingine nyumbani, na kijana atakuwa amejifunza kudai ushahidi kabla ya kufungua kibeti.