Kwa Nini Breki za Pikapu ya Zamani Hazitaki Kupona

Masta silinda imebadilishwa. Pedi ni mpya. Upepo umetolewa, ukatolewa tena. Bado pikapu ikishika barabara kuu pedeli inazama, na mwenye gari anarudi gereji kuuziwa kifaa kingine. Anayemiliki Toyota Hilux ya kizazi cha tano, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1988 na ambayo hadi leo inabeba mbao, mahindi na maziwa huku kwetu, anaijua safari hiyo.

Ubovu wa breki unaorudi kila mara una chanzo, na mara nyingi hakiko kwenye kile kifaa ambacho kila mtu anakimbilia kukibadilisha. Kinaweza kupatikana kwa vipimo vichache visivyohitaji kompyuta, mradi fundi na mwenye gari waelewe kinachotokea kati ya mguu wa dereva na gurudumu.

Nguvu inakua, mwendo unapungua

Katika karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa kikishinikizwa mahali pamoja, shinikizo lile lile husambaa kila upande. Breki za mafuta zinaishi kwa kanuni hiyo.

Tuchukue mfano. Dereva anakanyaga kwa nguvu ya nyutoni 200, sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Pedeli ni wenzo. Ikiwa inazidisha mara 5, masta inapokea nyutoni 1,000, na hapo busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwa msaada wa ombwe, haijaongeza yake. Kama pistoni ya masta ina eneo la sentimita mraba 4, kila sentimita mraba ya mafuta inabeba nyutoni 250. Shinikizo hilo likifika kwenye pistoni za breki zenye eneo la sentimita mraba 20, linazaa nyutoni 5,000.

Faida hiyo ina gharama yake. Nguvu ikizidishwa, mwendo unapungua kwa kiasi hicho hicho. Pedeli inashuka sentimita kadhaa, lakini pedi inasogea sehemu ndogo tu ya milimita. Kwa hiyo kiasi kidogo cha mafuta kikipotea njiani, kwa tone linalovuja, mpira unaotanuka au kiputo cha hewa, mguu unalihisi pengo hilo mara moja.

Ukitaka kuiona sayansi hii kwa macho, chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Lijaze maji, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma: haliendi. Sasa acha hewa kidogo ndani yake na usukume tena. Kisukumio kinaingia, na ukiachia kinarudi. Hivyo ndivyo pedeli yenye upepo inavyofanya.

Sikiliza pedeli kwanza

Kabla ya kufungua nati yoyote, kaa kwenye usukani gari likiwa limesimama. Kila aina ya ubovu ina tabia yake.

Pedeli ikiwa laini na ikidunda mguuni, kuna hewa ndani au mpira wa breki unatanuka. Ikishuka sana mara ya kwanza lakini ikapanda na kuwa ngumu ukikanyaga haraka mara ya pili, tafuta nafasi iliyozidi kwenye breki za nyuma. Viatu vya breki vimekuwa mbali na ngoma, kwa kawaida kwa sababu kirekebishi kimeshikwa na kutu na vumbi. Kosa hili linasababisha masta nyingi nzima kutupwa.

Ukikanyaga na kushikilia, nayo ikazama polepole hadi chini, kagua kwanza kama mafuta yanavuja nje. Tazama nyuma ya kila gurudumu, ndani ya ngoma, na pale masta inapokutana na busta, maana masta inaweza kuvujia ndani ya busta pasionekane hata tone. Kama hakuna uvujaji popote, raba za masta zinaruhusu mafuta kurudi nyuma. Hapo ndipo masta inastahili kubadilishwa.

Pedeli ikiwa ngumu kama ubao na gari halisimami, shaka inahamia kwenye busta. Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa. Busta nzima itaifanya ishuke kidogo. Kwenye Hilux za dizeli, ombwe linalotumiwa na busta hutoka kwenye pampu ndogo iliyoshikana na alteneta. Pampu ikichoka, au mpira wake ukipasuka, breki zinakuwa nzito hata kama kila kitu magurudumuni ni kipya.

Kata mfumo vipande

Pedeli laini isiyopona inatibiwa kwa kuutenga mfumo sehemu kwa sehemu. Hilux yenye ekseli nzima nyuma ina mipira ya breki inayopinda: miwili mbele, na kwa kawaida mmoja unaoelekea nyuma. Fundi anaibana yote kwa kibanio chenye meno laini ya mviringo, si kwa koleo linaloweza kuukata mpira, kisha anakanyaga.

Pedeli ikiwa ngumu na ya juu, masta iko salama na ubovu uko mbele ya vibanio. Sasa anafungua kibanio kimoja kimoja, akikanyaga kila mara. Kile ambacho kikifunguliwa pedeli inalainika ndicho kinachoonyesha upande wa tatizo. Kama pedeli ilibaki laini mipira yote ikiwa imebanwa, chanzo ni masta yenyewe au hewa iliyobaki ndani yake. Kwa dakika chache ubishi umekwisha. Mpira uliokauka na kupasuka usibanwe. Huo ubadilishwe tu.

Kwa gurudumu linaloshika na kupata moto, legeza skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu hilo. Likiachia, shinikizo lilikuwa limenaswa. Mpira uliovimba kwa ndani unaweza kupitisha mafuta dereva anapokanyaga kwa nguvu, kisha ukakataa kuyarudisha. Kwa nje unaonekana mzima kabisa.

Kazi ya kutoa upepo nayo huleta ugonjwa. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta hutembea sehemu fupi tu. Sehemu ya mbele ya silinda, isiyofikiwa, hujenga kutu na uchafu kwa miaka. Fundi anapokandamiza pedeli hadi sakafuni, raba zinapita kwenye kutu hiyo na kuchanika. Kipande cha mbao chini ya pedeli, cha kuizuia isifike mwisho, kinaokoa masta.

Valvu iliyosahaulika chini ya bodi

Sasa lala chini ya gari, utazame juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux nyingi utaona valvu ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi, ikiunganishwa na ekseli kwa fimbo ndefu. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari linapokanyagwa breki, uzito unahamia mbele. Pikapu tupu inabaki nyepesi mno nyuma, na magurudumu ya nyuma yakipewa nguvu yote yataganda na mkia utateleza. Kwa hiyo valvu inapunguza shinikizo la nyuma. Ukipakia mzigo bodi inashuka, fimbo inasogea, na valvu inaruhusu shinikizo zaidi.

Ni hapa matatizo mengi yasiyopona yanapojificha. Kwanza, kwenye matoleo mengi valvu hiyo ina skrubu yake ya kutolea upepo. Fundi anayetoa upepo kwenye magurudumu manne tu anaweza kuacha hewa ndani yake, na pedeli itabaki laini siku zote.

Pili, tunapenda kuongeza springi za nyuma ili gari libebe zaidi. Bodi ikiinuliwa na springi ngumu, fimbo haisogei kama ilivyopangwa. Gari limejaa magunia, lakini valvu inaamini ni tupu. Breki za nyuma zinanyimwa nguvu, za mbele zinafanya kazi ya wote, pedi zinaisha mapema na diski zinapinda kwa joto. Wengine huifunga fimbo kwa waya ili nyuma kupate shinikizo lote. Siku gari likiwa tupu kwenye lami yenye mvua, mkia unatangulia. Dawa ni kurekebisha fimbo upya kwa vipimo vya mtengenezaji baada ya kubadilisha springi.

Mteremko hausamehe

Pikapu yenye jumla ya kilo 2,000 ikiwa kilomita 80 kwa saa inabeba nishati ya takriban kilojuli 490, inayotosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji. Breki zinaigeuza yote kuwa joto. Barabara ya Lushoto hadi Mombo, inayoshusha kabichi na karoti za Usambara, inapoteza zaidi ya mita 900 za kimo. Nishati ya mteremko huo inazidi ya kusimama mara 30 kutoka mwendo ule. Injini ikiwa kwenye gia ndogo inabeba sehemu kubwa. Dereva akiiachia breki pekee, joto linafika kwenye mafuta.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na maji yanashusha kiwango chake cha kuchemka. Viwango vya DOT 3 vinataka mafuta mapya yachemke kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7 yanaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka, mvuke unajaa kwenye silinda na pedeli inakwenda sakafuni katikati ya kona. Gari likipoa, pedeli inarudi, na fundi wa bondeni haoni kosa. Mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na hasa kwa magari ya pwani. Yasiongezwe oili ya injini wala ya pawa stelingi, kwa sababu huvimbisha raba zote za mfumo.

Mwenye pikapu ana haki ya kumuuliza fundi swali moja kabla ya kulipia kifaa: kipimo gani kimeonyesha kwamba hiki ndicho kibovu? Fundi mzuri atalijibu kwa furaha, tena atakuita ukanyage pedeli mwenyewe uone. Kazi ikiisha, gari lijaribiwe likiwa tupu na likiwa na mzigo, mahali pa wazi na kwa mwendo mdogo, kabla ya kukabidhiwa mlima. Hilux ya miaka 30 yenye breki zilizopimwa hivyo inaweza kusimama kama ilivyokusudiwa, na waliopanda nyuma juu ya magunia wanastahili hivyo.