Una bekapu, sawa. Lakini umewahi kuirejesha?

WACHA nikuulize, wewe kijana uliyemuundia mtu mfumo wa mauzo, au unayesimamia tovuti ya chama, Sacco au duka la nguo: hifadhidata ikipotea usiku wa leo, kesho saa mbili asubuhi utamwambia nini mteja wako?

Najua jibu lako. “Si nina bekapu!” Sawa. Mara ya mwisho uliifungua lini ukaona kilichomo?

Swali hilo liliwahi kuwaumbua hata wataalamu. Mnamo Januari 31, 2017, kampuni ya GitLab, ambayo waundaji programu kote duniani huweka kazi zao kwake, ilikuwa na seva mbili za hifadhidata ya PostgreSQL. Moja ilikuwa kuu, nyingine ikinakili kila kinachoandikwa katika ile kuu. Siku hiyo seva ya pili iliachwa nyuma, ikagoma kunakili. Usiku ukiwa umeenda, mhandisi mmoja akaamua kufuta data ya seva hiyo ya pili ili aanze upya.

Akaandika amri ya kufuta. Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka: alikuwa kwenye seva kuu! Aliisimamisha mbio, lakini takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimeenda. Zilisalia 4.5 tu.

Usimcheke. Ukiwa umechoka, na mbele yako kuna madirisha mawili meusi yanayofanana, hata wewe ungeweza kufanya hivyo.

Kilichouma zaidi ni kilichofuata. Si ati GitLab hawakuwa na bekapu. Walikuwa na njia kadhaa. Kulikuwa na programu ya kutoa nakala kila saa 24 na kuituma kwenye hifadhi ya Amazon S3. Walipoenda kuangalia, hakukuwa na kitu. Programu hiyo ilikuwa toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hivyo ilikuwa ikifeli kimyakimya. Arifa za kufeli zilitumwa kwa barua pepe, lakini zikakataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Nakala za diski za Azure nazo hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa sita hivi kabla ya mkasa, mhandisi alikuwa amechukua nakala ya diski kwa mkono, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Hiyo ndiyo waliyorejesha, polepole, huku dunia ikiwatazama moja kwa moja kwenye YouTube. Programu za wateja zilisalimika kwa kuwa hazikuwa ndani ya hifadhidata hiyo. Hata hivyo, taarifa za miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700 ziliathirika.

Sasa turudi kwako.

Maswali mawili kabla ya amri yoyote

Kwanza, mteja wako anaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? Tuseme unachukua nakala saa sita usiku, kisha seva inakufa saa kumi na moja jioni. Mauzo ya siku nzima yameenda. Kama hilo halivumiliki, nakala ya usiku pekee haitoshi. Hifadhi pia kumbukumbu za mabadiliko, ambazo MySQL huziita binlog na PostgreSQL huziita WAL. Hizo hurekodi kila badiliko. Ukiwa nazo, unarejesha nakala iliyo na msingi wake, kisha unasonga mbele hadi dakika moja kabla ya kosa. Lakini zitume nje ya seva, la sivyo zitakufa nayo. Na kwa PostgreSQL, msingi huo uwe nakala ya faili za hifadhidata yenyewe. Ile ya pg_dump haiungani na WAL.

Pili, biashara inaweza kukaa imefungwa kwa muda gani? Nakala kubwa iliyo kwenye hifadhi ya ng'ambo haishuki kwa dakika tano. Kama mteja anataka kurudi kazini ndani ya saa moja, weka nakala nyingine karibu.

Ipange vizuri

Kuna kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja iwe mbali. Faili iliyo kwenye diski ileile ya seva si bekapu. Stima ikiruka na kuchoma diski, vyote vinaenda pamoja. Seva ya pili inayonakili ile kuu pia si bekapu, kwa sababu ukifuta jedwali kwa makosa, nayo itatii na kulifuta papo hapo.

Ukitumia mysqldump kwenye majedwali ya InnoDB, ongeza --single-transaction ili nakala isichanganyikiwe watu wakiendelea kuuza. Ukipanga muda, angalia saa ya seva. Seva nyingi huwekwa kwa UTC, kwa hivyo saa sita usiku yake ni saa tisa usiku Nairobi.

Usisahau faili hiyo ina majina na nambari za simu za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ifunge kwa usimbaji, na ufunguo usikae kwenye seva hiyohiyo.

Halafu usingoje ujumbe wa kufeli. Kila asubuhi jitumie ukubwa wa nakala ya jana. Ikiwa jana ilikuwa megabaiti 400 na leo ni 0, utajua kabla ya chai. Ujumbe usipofika kabisa, hiyo pia ni habari mbaya.

Jaribio la Jumamosi

Mara moja kwa mwezi, chukua kompyuta isiyo na kitu. Rejesha nakala. Hesabu rekodi za mauzo, linganisha na seva kuu, tafuta risiti ya mwisho. Pima muda kwa saa yako, kisha andika kila hatua ili hata mwenzako aweze kuifanya ukiwa safarini.

Wazee walisema akiba haiozi. Hii huoza, na haitoi harufu. Jumamosi hii, kabla ya mechi, fungua yako uone.