Fahamu: Kwa nini leza za kupimia urefu hulinganishwa?

Tangu mwaka 1983, mita ni umbali ambao nuru huukata katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kwa hiyo yeyote aijuaye kwa yakini idadi ya mitetemo ya nuru yake kwa sekunde, huyo ana kipimo cha urefu mkononi.

Leza mashuhuri katika kazi hii ni ile nyekundu ya heliamu na neoni, ambayo mtetemo wake hudhibitiwa kwa mvuke wa iodini, kwa sababu molekuli za iodini hufyonza mitetemo maalumu tu, wala tabia yao haibadiliki kwa kuhama nchi. Lakini chombo, hata kikiwa cha thamani, chaweza kughilibu. Ndipo miale ya leza mbili huelekezwa pamoja kwenye kihisio kimoja, na tofauti yao ikadhihirika kwa mapigo, mithili ya nyuzi mbili za udi zilizokaribiana sauti bila ya kuafikiana. Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo, iliyoko Sèvres, Ufaransa, iliendesha milinganisho hiyo kwa miaka mingi.

Siku hizi kuna chanuo la mitetemo, lililowapatia John Hall na Theodor Hänsch sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 2005, nalo huipima leza moja kwa moja kwa saa ya atomu. Shaka inayosalia katika leza ya iodini, kwa mita nzima, ni ndogo kuliko upana wa atomu moja.