Shairi la Kimbunga na Nyumba ya Mnyonge

Yapo mashairi ambayo mtu wa pwani akiyasikia mara moja huyachukua hadi nyumbani kwake. Mojawapo ni "Kimbunga", utungo wa marehemu Haji Gora Haji, mshairi aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki dunia mwaka 2021. Utungo huo ndio ulioipa jina diwani yake iliyotolewa mwaka 1994 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Habari yake ni fupi. Kimbunga kinaupiga mji wa Siyu, ulio katika kisiwa cha Pate. Kinapopita, watu wanaona ajabu: miti minene yenye mizizi mikubwa imeng'oka, na minazi, ambayo huyumba hata kwa upepo mdogo, imenusurika. Kilichodhaniwa imara kimeanguka. Kilichodhaniwa dhaifu kimesimama. Mshairi halifumbui fumbo lake. Anamwachia msikilizaji alifumbue mwenyewe, kama ilivyo desturi ya watunzi wetu.

Sisi tunalisoma shairi hili tukiikumbuka Kiswere, kijiji kilicho kwenye ghuba baina ya Kilwa Masoko na Mchinga. Kwa mkazi wa pwani ile, mnazi si mti tu. Kutokana na mnazi anapata kuti la kuezekea na kamba ya kufungia fito. Kwa hiyo, anaposikia kwamba mnazi umenusurika, moyo wake huenda moja kwa moja kwenye banda lake la miti, udongo na makuti, naye hujiambia kuwa huenda nalo litanusurika. Hapo ndipo shairi la upepo linapogeuka kuwa shairi la umaskini, makazi na matumaini.

Hapana shaka historia ya pwani yetu inampa mshairi ushahidi. Mwezi Aprili mwaka 1872, wakati wa Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikudhurika kiasi hicho, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Na ndugu zetu wa Kilwa Kisiwani hawahitaji kupelekwa mbali. Kisiwani kwao lipo Husuni Kubwa, jumba la masultani waliotawala biashara ya dhahabu ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji na kuupora. Leo majumba yale ya mawe ni magofu, na tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na yale ya Songo Mnara. Wavuvi nao wangali wanaishi kando ya magofu hayo, katika nyumba za udongo. Mti mnene umeng'oka, mnazi upo.

Lakini hapa hatuna budi kusimama na kufikiri, kwa sababu shairi zuri linaweza kutumiwa vibaya. Mnyonge akisema kuwa Mwenyezi Mungu atalihifadhi banda lake, hiyo ni imani, nasi hatuna la kumlaumu. Bali kiongozi akisema kuwa watu wa pwani wameuzoea upepo tangu enzi za mababu, kwa hiyo waachwe walivyo, huo si ufafanuzi wa shairi. Huo ni uvivu uliovaa kanzu ya hekima.

Ukweli ni kwamba upepo hauchagui siku zote kama ulivyochagua Siyu. Mwezi Aprili mwaka 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Watu walipoteza maisha na majengo mengi yakabomoka, makubwa kwa madogo. Mwezi Aprili mwaka 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, baada ya kuwatia hofu ndugu zetu wa Mtwara. Tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi huko Somanga, wilayani Kilwa. Siku zile mkazi wa kusini alijionea kuwa si banda lake peke yake lililo dhaifu. Barabara inayomletea unga na dawa nayo ilikuwa ya udongo mbele ya maji.

Tena, banda halianguki kwa siku moja. Huanza kuanguka miaka kabla ya kimbunga. Matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini hula udongo wa chini ya ukuta, mchwa hula nguzo, kuti huoza, na kamba hulegea. Mwenye nyumba anayaona yote hayo, lakini fedha ya makuti mapya imekwenda kwenye chakula na sare za watoto wa shule. Ukuta ukibaki fito tupu, watu huuita mbavu za mbwa, na jina hilo latosha kueleza fedheha yake. Hata anayefanikiwa kununua bati hajasalimika: bati lisilokazwa vema huingiliwa na upepo upenuni, likang'oka na kuruka hewani kama panga.

Liko jambo jingine la kutafakari. Kwa karne nyingi boriti za mikoko ya pwani hii zilipakiwa kwenye majahazi na kwenda kuezeka majumba ya Uarabuni na Ghuba. Nguzo zetu zilibeba dari za wengine, na wenyewe tukabaki na mabanda. Leo mikoko inahifadhiwa na Serikali, na ni haki ihifadhiwe, maana ndiyo ngao yetu mbele ya mawimbi. Lakini kumkataza mwananchi asikate mkoko bila kumwonyesha atapata wapi mti wa nguzo ni kumwomba aishi bila nyumba. Mashamba ya miti ya kujengea yapandwe vijijini, ili ngao ibaki baharini na nguzo ipatikane nchi kavu.

Je, matumaini ya shairi yako wapi? Kwa maoni yetu, hayako katika udhaifu wa mnazi. Mnazi haunusuriki kwa kuwa ni mnyonge; unanusurika kwa kuwa shina lake hupinda bila kukatika, na mizizi yake mingi midogo huishika ardhi kwa pamoja. Ndivyo ilivyo kwa watu. Nyumba ya udongo haikandikwi na mtu mmoja. Huyu hukanyaga udongo, yule huleta maji, wengine hufunga fito, na akina mama hupika chakula cha wote. Hiyo ndiyo mizizi midogo mingi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja mambo manne ya lazima kwa maendeleo, la kwanza lilikuwa watu, na halikusahau uongozi bora.

Basi kila mmoja ana fungu lake. Wananchi, visiwani na nchi kavu, tuinue misingi ya nyumba zetu kwa mawe, ambayo pwani yetu haikunyimwa. Tukaze paa kabla ya masika, na tusimwache mjane wala mzee aezeke peke yake. Viongozi nao wahakikishe kuwa onyo la Mamlaka ya Hali ya Hewa halikomei ofisini, bali linamfikia mvuvi kabla hajasukuma ngalawa majini, kwa redio, kwa simu na kwa kipaza sauti cha msikiti. Kila kijiji kiwe na jengo moja madhubuti, liwe shule au zahanati, ambalo watu watalikimbilia usiku wa upepo. Na wataalamu wa ujenzi washuke vijijini kuwafundisha mafundi namna ya kufunga paa lisiruke. Kazi hiyo haihitaji mamilioni.

Haji Gora alituonyesha mnazi uliosimama baada ya kimbunga, akanyamaza. Alifanya kazi ya mshairi. Kazi iliyobaki ni yetu: kuhakikisha kwamba kimbunga kijacho kikipita Kiswere, banda la mnyonge likibaki limesimama, lisiwe ajabu ya kutungiwa shairi, bali liwe jambo lililotarajiwa kwa sababu lilijengwa lisimame.