Gari Moja, Hesabu Mbili

Mtu akiuliza gari linakula mafuta kiasi gani, jibu tulilozoea ni moja: kilomita kadhaa kwa lita. Kwa gari la petroli tupu jibu hilo linatosha. Kwa haibridi ya kawaida, ile isiyochomekwa popote, linatosha pia, maana nguvu yote inayoisukuma imetoka kwenye tangi. Haibridi ya kuchaji ni jambo jingine. Hiyo ina tangi la petroli na pia betri kubwa inayojazwa umeme wa nyumbani, kwa hiyo nguvu inaingia kwa milango miwili, na anayehesabu mlango mmoja tu anajidanganya. Magari haya yanatufikia kwa njia ileile ya magari mengi ya Afrika Mashariki: yaliyotumika Japani, yakashushwa Mombasa au Dar es Salaam, mfano Mitsubishi Outlander PHEV iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, au Toyota Prius PHV. Hoja yangu ni kwamba mwenye gari la namna hii hana budi kuweka hesabu mbili, ya lita na ya uniti za umeme (kilowati-saa), kwa sababu ile namba moja ya kwenye tangazo au dashibodi inaeleza tabia ya dereva kuliko inavyoeleza gari.

Tuchukue gari moja ambalo injini yake, betri ikiwa imekwisha, inatoa kilomita 12 kwa lita, na betri ikijaa inalipeleka kilomita 40. Dereva wa kwanza anazunguka mjini na kuchaji kila usiku. Kwa mwezi anatembea kilomita 1,000, na kati ya hizo 700 zinakwenda kwa umeme. Petroli inabeba 300 tu, yaani lita 25, na ukigawa unapata kilomita 40 kwa lita. Dereva wa pili analichukua gari hilohilo kutoka Mombasa hadi Nairobi, kama kilomita 480. Kilomita 40 za mwanzo ni za umeme, 440 zilizobaki ni za petroli, lita 37 hivi, na wastani wake unaangukia 13. Hakuna kilichoharibika na wala hakuna haja ya kwenda kwa fundi. Pengine huyu wa pili atafanya vibaya zaidi, kwa sababu ya mlima. Kuliinua gari la tani 1.8 kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 na ushei za Nairobi kunataka uniti 8 hivi za nguvu, kabla hujahesabu upepo wala msuguano wa matairi. Betri ya Outlander za mwanzo ilikuwa ya uniti 12, na sehemu yake gari huibakiza kwa makusudi ili betri isichoke mapema. Kwa maneno mengine, mpando huo peke yake unakaribia kumeza chaji nzima. Akiteremka kurudi pwani, mota inageuka jenereta na kumrudishia sehemu ya nguvu hiyo. Ndiyo maana safari ya kwenda bila ya kurudi haipimi kitu.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umetoka Ulaya. Huko, magari mapya yaliyosajiliwa tangu 2021 yanatakiwa kuwa na kifaa kinachoweka kumbukumbu ya mafuta yaliyotumika kweli barabarani. Mwezi Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti ya kumbukumbu hizo. Magari ya petroli na dizeli yalikuwa yamezidi namba za maabara kwa takriban asilimia 20, tofauti inayoeleweka. Haibridi za kuchaji zilitoa hewa ya ukaa mara 3.5 ya ile iliyoandikwa kwenye vyeti vyake. Wapo waliosema huo ni utapeli wa viwanda. Mimi sioni hivyo, ingawa viwanda vilifaidika. Kipimo cha maabara kinapima safari ya umeme na safari ya petroli kila moja peke yake, kisha kinazichanganya kwa kukisia kwamba mwenye gari atachaji mara kwa mara. Kisio hilo ndilo lililopotoka: watu hawakuchaji kama ilivyotarajiwa, hasa waliopewa magari na waajiri wao pamoja na kadi za mafuta, wasiolipia petroli kutoka mfukoni. Kanuni za Ulaya zimeanza kurekebisha kisio hilo kuanzia 2025.

Namba za Japani nazo zisomwe kwa tahadhari hiyohiyo. Kwa kipimo cha zamani cha huko, kiitwacho JC08, Prius PHV ya 2017 iliandikiwa kilomita 68.2 za umeme mtupu. Toleo lake la Marekani, kwa kipimo kikali zaidi cha serikali ya huko, liliandikiwa maili 25, yaani kilomita 40. Betri ni ileile ya uniti 8.8. Anayeagiza gari kwa kusoma tangazo la Japani aanze kwa kupunguza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita zilizosomeka, na safari ijayo jaza kwenye kituo hichohicho, pampu hiyohiyo ikiwezekana. Siku ya safari ndefu, betri ikiwa imeshuka, pima kwenda na kurudi ili ujue injini yako inatoa kilomita ngapi kwa lita. Tuseme ni 12. Mwisho wa mwezi umetembea kilomita 1,000 na umenunua lita 25: petroli imebeba 300, umeme 700. Kwa upande wa umeme, mwombe fundi akufungie mita ndogo kwenye laini ya chaja peke yake. Ikisoma uniti 160, umepata kilomita 4.4 kwa uniti. Hapo swali la fedha linajijibu: lita moja inakupa kilomita 12, na kuzipata hizo kwa umeme unahitaji uniti 2.7. Wadhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Weka bei ya lita pembeni ya bei ya uniti 2.7 za nyumbani kwako, uone ipi ndogo.

Kuna watakaosema kompyuta ya gari inafanya yote haya. Inasaidia, lakini inahesabu umeme ulioingia kwenye betri. Chaja inapata joto wakati wa kazi, na joto hilo umelilipia. Mara nyingi linafika sehemu moja ya kumi ya uniti zote, au zaidi. Mita ya ukutani inaliona, dashibodi hailioni. Wengine watasema umeme ni nafuu, kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu asiyechaji anabeba betri nzito bure, na bila daftari hatajua kwamba ndivyo anavyofanya. Kiyoyozi nacho kina gharama yake: kikivuta kilowati moja kwa saa nzima ya foleni, uniti imekwenda, nayo ni zaidi ya kilomita nne ambazo hukutembea.

Lakini faida kubwa ya daftari, kwa maoni yangu, inahusu betri. Betri hupungua polepole, na mwenye gari huzoea upungufu huo bila kuuona. Mwenye kumbukumbu ya mwaka jana ataona kwamba gari lililokuwa likipokea uniti 10 ukutani sasa linashiba kwa 8, ingawa dashibodi bado inaonyesha imejaa. Nawe unayekwenda kununua lililotumika, usiridhike na kilomita zilizoandikwa wala rangi inayong'aa. Omba liendeshwe mpaka betri ishuke na injini iwake, kisha lichajiwe kwenye mita mbele yako mpaka lijae. Hesabu uniti zilizoingia, ndipo mzungumze bei.