Kaseti za Baba Tuziweke Wapi?

Kwenu nyumbani miziki munaipanga namna gani? Kwetu tulikuwa na karto mbili tu: moja "za Mungu", ingine "za dunia". Ni mimi mwenyewe niliandika vile, nikazania kazi imekwisha.

Siku moja mtoto wetu alianza kuingiza nyimbo ndani ya telefone. Akauliza: "Papa, Missa Luba iende wapi?" Nikajibu mbio: za Mungu. "Lakini ngoma iko ya kijiji!" Kweli. Missa Luba ilitoka Kamina, hapa kwetu Katanga. Padri Guido Haazen na waimbaji wake, Troubadours du Roi Baudouin, waliirekodi mu 1958. Maneno ni ya Kilatini, lakini sauti na ngoma ni za kwetu.

Jina la wimbo nalo linadanganya. "Indépendance Cha Cha" ya Joseph Kabasele, ya mwaka 1960, ukisoma jina tu utaitenga na rumba. Lakini ni mu rumba watu wote wanaitafuta.

Mwenda Jean Bosco njo alitusumbua zaidi. Hugh Tracey alimurekodi "Masanga" mu 1952 pale Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Mtoto alisema ni rumba. Nikakataa: hakuna orkestra, hakuna tarumbeta, ni gitaa moja na vidole vya mtu mmoja. Lakini mimi pia nina kosa. Kaseti ile nilikuwa nimeitupa mu "za dunia", na nilitaka kurekodi mahubiri juu yake. Mama yangu akanikamata mkono: "Mwana wangu, ile njo baba yako alikuwa anasikiliza akitoka kazi ya usiku. Utaifuta?"

Basi tulifungua karto ya tatu, "gitaa ya Katanga". Mu telefone wimbo mmoja unaweza kukaa mahali pawili, kaseti haiwezi. Kwa hiyo tunabandika karatasi: mwimbaji, mahali, mwaka.

Imebaki kaseti moja ya marehemu baba, haina hata herufi moja. Kuna kwaya inaimba, na mtu anakohoa karibu na mikro. Mama anazani ni kwaya ya kambi yetu ya zamani, lakini hana hakika. Hatukuiweka mu karto yoyote. Jumapili nitaipeleka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi na baba, asikie.