Brij: Namna ya kuikabili 'uru mbili'

WACHEZA karata wa Magomeni, Mtwara, wanaijua turufu. Katika brij turufu hunadiwa kwanza, kama korosho.

Ugumu huja mpinzani anapofungua mnada kwa "uru mbili", mbinu ya Waingereza Terence Reese na Jeremy Flint ya miaka ya 1960. Kwa kawaida ameshika kopa sita au shupaza sita na karata nyingine hafifu. Mara chache ana karata nzito kweli. Uru huenda hana hata moja.

Anayefuata, akiwa na karata nyingi nzuri za aina moja, anadi papo hapo. Mwenye karata za wastani apite, aina ya mpinzani ifichuke, ndipo apige dabo kumtaka mshirika achague. Mwenye karata nzito asisubiri: wapinzani wakirukia kopa tatu, nafasi ya kuelezana imekwisha.